Pikapu ya mzazi Kampala: Kwanza breki, rangi baadaye

Wazazi wengi hutengeneza na kurembesha magari yao wenyewe. Swali ni kama kazi hiyo inaanzia mahali anapokaa mtoto.

KAMPALA

SIKU moja kabla ya shule kufunguliwa, barabara zinazotoka Kampala hujaa pikapu. Nyuma hupakiwa godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, sanduku la chuma lenye jina la mwanafunzi lililoandikwa kwa rangi, ndoo, fagio, karatasi za choo na mfuko wa sukari. Mara nyingi juu ya godoro hilo huketi mwanafunzi mwenyewe pamoja na wadogo zake wanaomsindikiza, upepo ukiwapiga usoni na mikono ikiwa imeshika ukingo wa bodi.

Kwa wapita njia ni picha ya kawaida. Kwa mzazi aliye kwenye usukani, gari hilo, ambalo wakazi wa Kampala wengi huliita kabangali, huenda ndilo mali yake kubwa baada ya kiwanja. Siku za kazi hubeba matofali, matooke au bidhaa za duka. Jumamosi hukodishwa kubeba viti vya arusi. Jumapili hupeleka familia kanisani, na mwisho wa mwaka huipeleka kijijini. Ni gari la biashara na gari la watoto kwa wakati mmoja, na bajeti ya kulitunza hutoka mfuko uleule unaolipa ada ya shule.

Ndiyo maana wazazi wengi, baba kwa mama, wamejifunza kushika spana. Hubadilisha oili uani, hufunga taa za ziada, hupaka rangi, na huenda Katwe na mchoro wa kizimba cha vyuma ili wachomelewe. Kazi hiyo huokoa fedha, na anayeifanya hulijua gari lake kuliko dereva wa kuajiriwa.

Hata hivyo, si ajabu kukuta pikapu yenye rimu zinazong'aa, bampa nene na muziki mzito, huku mkanda wa usalama wa abiria ukiwa umekwama chini ya kiti kwa miaka. Hapo ndipo mzazi anapaswa kujiuliza: shilingi aliyoiokoa kwa mikono yake ameipeleka wapi?

Magari ya zamani, barabara za mashimo

Kuna sababu za wazi za pikapu za zamani kuendelea kuishi Kampala. Kuanzia 2018 sheria ya Uganda ilipiga marufuku kuingiza nchini magari yaliyofikisha miaka 15 tangu yatengenezwe, isipokuwa aina chache zilizotajwa na sheria yenyewe. Magari yaliyokuwa tayari barabarani hayakuondolewa. Mwenye pikapu ya zamani anajua kwamba akiiuza, itakayochukua nafasi yake itamgharimu zaidi, kwa hiyo anaamua kuitunza.

Pikapu zenyewe zilijengwa kuvumilia. Toyota Hilux, ambayo ndiyo pikapu inayofahamika zaidi katika kanda hii, ilianza kuuzwa Japani mwaka 1968. Nyingi kati ya zinazotembea Kampala zina springi za bapa nyuma, yaani vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na breki za drumu kwenye magurudumu ya nyuma. Ni mitambo rahisi ambayo fundi wa mtaani anaifahamu, na spea zake hupatikana kuanzia Mombasa hadi Bukavu.

Barabara nazo zina mchango wao. Aprili 2023, Jimmy Spire Ssentongo, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere na mchoraji wa katuni, aliwaalika wakazi wa Kampala kuweka mitandaoni picha za mashimo ya barabara zao katika kile alichokiita maonyesho ya mashimo. Picha zilimiminika kwa maelfu, na Rais Yoweri Museveni akaagiza Mamlaka ya Jiji la Kampala ipewe Sh6 bilioni za Uganda kwa ajili ya kuyaziba. Mwenye gari hakuhitaji maonyesho kuyajua. Aliyafahamu kupitia shokapu zinazovuja, rimu zilizopinda na usukani unaovuta upande mmoja.

Dakika 15 za Jumapili jioni

Kazi yenye faida kubwa kuliko zote haihitaji gereji wala nguvu. Ni ukaguzi wa dakika 15 kila juma, kabla ya safari za Jumatatu asubuhi.

Injini ikiwa imepoa na gari limesimama mahali tambarare, mzazi huchomoa kijiti cha kupimia oili, hukifuta, hukirudisha na kukichomoa tena. Oili inapaswa kuwa kati ya alama mbili. Ikipungua kila juma, kuna mahali inakovuja au inakoungua. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini, na gari halipaswi kuondoka. Kwa pikapu ya zamani inayobeba mizigo katika vumbi na foleni, mafundi wengi hushauri oili na filta yake vibadilishwe kila kilomita 5,000 hivi.

Maji ya rejeta hukaguliwa injini ikiwa baridi tu. Mfuniko ukifunguliwa injini ikiwa moto, maji yenye mgandamizo huruka na kuunguza uso na mikono, na mtoto aliyesimama karibu akitazama huwa wa kwanza kupatwa.

Tairi hupimwa upepo kabla hazijapata moto wa safari. Kiwango sahihi hakipo kwenye kumbukumbu ya kijana wa kituo cha mafuta bali kwenye kibandiko kilichopo karibu na mlango wa dereva, na mara nyingi tairi za nyuma huwa na viwango viwili: gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Pikapu iliyojazwa upepo wa tani moja ya saruji, kisha ikapeleka watoto shule ikiwa tupu, hurukaruka kwenye kona na hushika barabara vibaya mvua ikinyesha.

Mwisho, mtoto mkubwa husimama nyuma ya gari na kutaja taa zinazowaka huku mzazi akikanyaga breki, akiwasha indiketa na kuingiza gia ya nyuma. Mtoto hufurahia kazi hiyo, na gari lililokuwa linatembea bila taa ya breki hugunduliwa kabla halijagongwa kwa nyuma.

Breki: unachoweza na usichoweza

Kampala ni jiji la vilima. Anayeshuka kutoka Kololo, Makerere au Mengo akiwa na mzigo anajua kwamba breki za pikapu hufanya kazi kubwa kuliko za gari dogo la Dar es Salaam au Mombasa.

Mzazi anaweza kufanya mambo matatu bila kuwa fundi. La kwanza ni kutazama kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti. Kiwango kikishuka, ama pedi zimeisha au kuna mahali panapovuja. Kuongeza mafuta bila kutafuta sababu ni kuficha ugonjwa. La pili ni kukumbuka kwamba mafuta hayo hufyonza unyevu kutoka hewani. Yakizeeka huchemka mapema kwenye mteremko mrefu na pedali hulegea, na ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. La tatu ni kupima breki ya mkono kwenye mteremko. Isiposhika, gari haliegeshwi mahali ambapo watoto hucheza.

Pedali inayozama taratibu ukiikanyaga, sauti ya chuma kusaga chuma, au gari linalovuta upande mmoja wakati wa kusimama ni dalili za kumwita fundi siku hiyohiyo. Hapa kujifunza kwa kujaribu hakufai. Anayetaka kujifunza kubadili pedi na akae kando ya fundi mara mbili tatu, amlipe, aulize maswali, kisha afanye yeye fundi akimwangalia.

Vumbi la breki nalo si la kupulizwa kwa mdomo wala kwa kompresa. Baadhi ya pedi za zamani na za bei ya chini zina asbesto, madini ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na nguo za kazi hazifuliwi pamoja na nguo za watoto.

Springi za ziada hazileti breki za ziada

Marekebisho yanayopendwa zaidi na wenye pikapu za biashara ni kuongeza vyuma kwenye springi za nyuma ili gari lisiiname likipakiwa. Likiacha kuinama, mwenye gari huamini kwamba sasa linaweza kubeba tani moja na nusu badala ya tani moja.

Gari halikubadilika kiasi hicho. Ekseli ni ileile, tairi ni zilezile, breki ni zilezile na chesisi ni ileile. Kilichoondoka ni ile dalili iliyokuwa ikimwambia dereva kwamba amezidisha.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Pikapu nyingi za aina hii zina vali ndogo juu ya ekseli ya nyuma, iliyounganishwa na chesisi kwa kijiti cha chuma. Gari likiinama kwa mzigo, vali hufungua na kuruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma. Likiwa tupu, hupunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na gari likateleza. Springi zikiongezwa na gari likainuka, vali hudanganyika: hudhani gari ni tupu hata likiwa limejaa. Breki za nyuma hupewa nguvu ndogo wakati zinapohitajika zaidi. Fundi anayejua kazi yake huirekebisha vali hiyo kila anapobadili springi. Mzazi anayelipa kazi hiyo anapaswa kuuliza kwa maneno hayohayo: vali ya mzigo imerekebishwa?

Kuinua gari kuna gharama nyingine inayoonekana nyumbani. Kadiri pikapu inavyokuwa juu, ndivyo eneo lisiloonekana nyuma na mbele yake linavyokuwa kubwa. Mtoto wa miaka mitatu aliyechuchumaa nyuma ya mlango wa bodi haonekani kwenye kioo chochote. Desturi ya kulizunguka gari kwa miguu kabla ya kurudi nyuma, na kuwahesabu watoto kwa sauti, haigharimu hata senti moja.

Katwe, moto na nyaya

Duniani Katwe ilijulikana kupitia Queen of Katwe, filamu ya 2016 inayosimulia maisha ya mchezaji wa sataranji Phiona Mutesi. Wakazi wa Kampala waliujua mtaa huo zamani kwa kazi nyingine: vyuma. Hapo hutengenezwa mageti, majiko, mashine za kusaga na vizimba vya pikapu, mafundi wakifanya kazi kando ya barabara huku cheche zikiruka.

Kizimba kizuri ni msaada mkubwa kwa familia. Huzuia sanduku la shule lisiruke, hushikilia turubai wakati wa mvua, na hulinda kioo cha nyuma cha kabini dhidi ya mbao zinazosogea mbele breki zikikanyagwa ghafla. Anayekwenda kukichomelesha azingatie mambo machache. Betri itenganishwe kabla ya kuchomelea, kwa kuanza na waya wa hasi, kwa sababu umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuua oltaneta na kompyuta ya gari. Tangi la mafuta lipo chini ya bodi, kwa hiyo cheche hazipaswi kulikaribia, wala mabomba yake. Chesisi yenyewe haitobolewi wala haichomelewi ovyo. Kizimba hufungwa kwa bolti kwenye bodi, na ncha zote za vyuma husagwa hadi ziwe laini, kwa maana urefu wake mara nyingi huwa sawasawa na macho ya mtoto.

Taa za ziada ni kazi ambayo mzazi anaweza kuifanya mwenyewe akijua hesabu yake. Taa mbili za wati 55 kila moja ni wati 110. Kwenye mfumo wa volti 12, hizo ni zaidi ya ampea 9. Waya mwembamba uliounganishwa moja kwa moja kwenye swichi ya dashibodi hupata moto, mpira wake huyeyuka, na gari huungua likiwa limeegeshwa. Kazi sahihi hutumia relei, waya mnene, na fyuzi iliyowekwa karibu kabisa na betri, ya ampea 15 kwa mfano huu. Fyuzi ikiungua, sababu hutafutwa. Anayeweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ameondoa ulinzi wa mwisho uliobaki.

Mtoto anakaa wapi?

Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwa miaka kadhaa kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba mkanda wa usalama unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa abiria wa gari kwa hadi nusu. Mkanda huo haupo nyuma ya pikapu.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Dereva anahitaji takriban sekunde moja tangu aone boda boda imekatiza hadi mguu wake ufike kwenye breki. Gari linaposimama ghafla, mtoto aliyekaa juu ya godoro huendelea kwa mwendo uleule, na hakuna kinachomzuia ila kizimba, kioo au lami. Mkono wa kaka yake hauwezi kumshika. Barabara ya Kampala kwenda Masaka, ambayo familia nyingi huitumia kwenda kijijini, ina sifa mbaya ya ajali hata kwa walio ndani ya magari.

Kwa hiyo marekebisho ya kwanza ya pikapu ya mzazi yanapaswa kufanyika ndani ya kabini. Mikanda yote ichomolewe chini ya viti, ivutwe hadi mwisho na ikaguliwe. Mkanda uliochanika, uliokatwa au uliowahi kushika mtu katika ajali hubadilishwa. Haushonwi na fundi cherehani. Pikapu yenye viti vya nyuma ambayo mikanda yake iliondolewa inaweza kuwekewa upya kwenye matundu ya bolti yaliyoachwa na kiwanda. Kutoboa bati jembamba na kufunga mkanda hapo hakusaidii, kwa sababu bati hung'oka.

Mkanda unapaswa kupita juu ya bega na nyonga, si shingoni wala tumboni. Nchi nyingi hutumia urefu wa sentimita 135 au 150 kuwa kipimo: mtoto aliye chini ya hapo anahitaji kiti maalumu au kiti cha kumwinua. Mto wa sebuleni hauwezi kuchukua nafasi yake kwa kuwa huteleza na mtoto akapita chini ya mkanda. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja. Mtoto aliyepakatwa na mama yake, wote wakiwa wamefungwa mkanda mmoja, hubanwa na uzito wa mama gari likigonga. Kwenye pikapu ya kabini moja, kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Hesabu hii ina jibu chungu. Pikapu ya kabini moja ina nafasi ya mtoto mmoja, au wawili pale palipo na mikanda mitatu. Familia ya watoto wanne haiwezi kusafiri humo yote kwa pamoja, hata gari lingerembeshwa namna gani. Sanduku na godoro vitapanda nyuma, na watoto wengine watapanda taxi au basi. Nauli yao ni sehemu ya gharama ya kuwa na pikapu.

Kununua spea Kisekka

Soko la Kisekka, lililo eneo la Nakivubo, linabeba jina la Dkt. Samson Kisekka, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia 1986 hadi 1991. Kwa spea za magari ni shule kamili: mpya na zilizotumika, halisi na za kuigwa, zote zimepangwa mbele ya macho ya mnunuzi.

Mzazi anayekwenda mwenyewe huenda na kifaa cha zamani mkononi, pamoja na namba ya chesisi na aina ya injini iliyoandikwa kwenye karatasi. Vifaa viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kutofautiana kwa milimita chache. Rimu, vioo vya pembeni, mlango wa bodi na hata gia boksi vinaweza kununuliwa vikiwa vimetumika. Pedi za breki, mabomba ya mpira ya breki, mikanda ya usalama na viungo vya usukani havifai kununuliwa hivyo, kwa kuwa uchakavu wake hauonekani kwa nje.

Tairi husoma umri wake yenyewe. Pembeni kuna namba nne ndani ya alama ya mviringo uliorefuka. Namba 2319 inamaanisha tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inayouzwa kama mpya kwa sababu ina meno marefu inaweza kuwa imekaa juani miaka minane, na mpira wake umeanza kupasuka. Kuhusu meno, nchi nyingi huyakataa yakishuka chini ya milimita 1.6, lakini kwenye mvua za Kampala busara ni kubadilisha mapema zaidi. Tairi ikishafungwa, nati zake hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Ua si gereji

Kufanya kazi nyumbani kuna hatari zake, na waathirika wakuu ni watoto wanaovutiwa na kila kinachong'aa. Gari linalokaliwa na jeki peke yake haliingiwi chini, hata kwa sekunde moja. Huwekewa stendi za chuma au magogo mapana, na magurudumu yaliyobaki chini huzuiwa kwa mawe pande zote mbili.

Oili chafu, mafuta ya breki na dawa ya rejeta havihifadhiwi kwenye chupa za soda. Dawa ya rejeta mara nyingi huwa na rangi ya kuvutia na ladha tamu, na ni sumu. Betri ina asidi na risasi. Anayeishika huosha mikono kabla ya kumbeba mtoto, na betri iliyokufa hurudishwa kwa muuzaji badala ya kuachwa nyuma ya nyumba.

Oili iliyotolewa haimwagwi mtaroni. Mitaro mingi ya katikati ya Kampala huishia kwenye Mfereji wa Nakivubo, nao humwaga maji yake Ziwa Victoria katika Ghuba ya Murchison, jirani na Ggaba, ambako maji ya bomba ya jiji huvutwa. Oili ya Jumamosi inaweza kurudi karibu na jikoni. Hukusanywa kwenye jerikeni yenye mfuniko na kupelekwa gereji inakokusanywa.

Ikivuka mpaka

Pikapu ya Kampala ni gari la kanda nzima. Ilifika kupitia bandari ya Mombasa na kupita Malaba au Busia, na mwenyewe akipata safari anaweza kuifikisha Kisumu, Mwanza, Kigali au Goma.

Uganda, Kenya na Tanzania huendesha upande wa kushoto. Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha kulia. Taa za mbele hutengenezwa zikielekeza mwanga mwingi pembeni mwa barabara, ili zisimpofushe anayekuja. Gari la Kampala likifika Gatuna na kuhamia kulia, mwanga huo humwangukia machoni dereva wa upande wa pili. Dereva wa safari za usiku hushusha taa au huziba sehemu ya kioo. Na anayemzidi mwenzake kwenye lori refu akiwa na usukani upande wa kulia haoni mbele. Humtegemea abiria wake au hasubutu.

Kabla ya kuvuka, hati za gari zinapaswa kulingana na gari lenyewe. Pikapu iliyobadilishwa rangi, injini au bodi bila mabadiliko hayo kusajiliwa humletea mwenyewe maswali mpakani, na bima inaweza kusita kulipa kwa gari ambalo silo lililoelezwa kwenye mkataba. Bima ya Yellow Card ya COMESA, inayotambuliwa pia Tanzania, hulipia madhara kwa watu wengine nje ya nchi ya gari lilikosajiliwa.

Orodha ukutani

Wanaofanikiwa kutunza pikapu kwa muda mrefu mara nyingi si wale wenye vifaa vingi, bali wale wenye daftari. Ukurasa mmoja una tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika na bei. Ukurasa wa pili una kazi zinazosubiri, kwa mpangilio huu: breki, tairi, usukani, mikanda na viti vya watoto, taa, injini. Rangi, rimu, bampa na redio huja mwisho, na fedha zake hutengwa pale tu mistari ya juu ikiwa imepigwa alama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye gari la familia ukuta wenyewe unaweza kujengwa tena. Aliyekuwa amekaa nyuma yake haletwi na fundi yeyote.

Muhula ujao barabara zitajaa tena. Magodoro yatafungwa kamba, masanduku yatapakiwa, turubai itavutwa juu ya kizimba cha Katwe. Pikapu iliyotunzwa itatambulika kwa jambo dogo: juu ya godoro hakuna mtu, na ndani ya kabini mtoto amefungwa mkanda, akimkumbusha baba yake kwamba taa ya breki ya kushoto aliikagua yeye mwenyewe jana jioni, na inawaka.